Sanduku la Paundi Nane

Dundee, Jumapili, maegesho nyuma ya kiwanda cha magunia kilichofungwa.
Watu wamefungua buti za magari, wanauza walivyochoka navyo:
vikombe vya harusi, viatu vya kuteleza, kasuku wa plastiki.
Mama mmoja ameketi juu ya kreti, koti limefungwa hadi kidevuni.
Nikamwita kwa nyuma, bei gani? Kimya.
Nikamwita tena. Kimya.
Nikasema moyoni: haya, maringo na vyuma chakavu.
Kisha akageuka, akanitazama mdomo,
akaonyesha vidole vinane.

Ndani ya basi sanduku lilinilalia mapajani
zito, kama mtoto wa mwenzio aliyesinzia.

Humo: chuma cha kulehemu, mpini umeungua
alama ya kidole gumba kisicho changu.
Koleo la mdomo mwembamba kama wa ndege chozi.
Mita ya mshale, kioo kimepasuka, bado inasema kweli.
Bisibisi saba; ya nane, nafasi yake tu kwenye sponji.
Na mikebe ya tumbaku, imejaa rezista,
mmoja una karatasi, herufi kubwa kubwa:
USINUNUE TENA HIZI, GEDDES. UNAZO MIA TATU.
Nikacheka peke yangu jikoni, saa saba usiku,
mikono bado inanuka sabuni ya udobi wa hospitali.

Wahenga wamesema mchagua jembe si mkulima.
Wahenga hawakuwahi kulehemu mguu wa transista
kwa ncha nene kama msumari wa dari.
Mimi nimechagua. Nimebadili ncha mara tatu,
na bado nimeungua.

Chini kabisa, ndani ya kopo la biskuti,
kibao cha saketi kisicho na mchoro:
kipaza sauti kidogo kama kifungo cha shati,
taa moja nyekundu, na waya wa kijani
unaoning'inia, hauendi popote.
Juu ya kifuniko, anwani, na neno moja: MLANGO.

Majuma matatu nilikifuata njia kwa njia,
nikisoma rangi za rezista kama mtoto na kijiti chake juu ya alifu:
kahawia, nyeusi, nyekundu, elfu moja.
Njano, zambarau... hapo nikapotea, nikarudi mwanzo.
Mshale wa mita ukipanda, njia ipo.
Ukilala, kuna mahali mtu alichoka.
Moshi wa lehemu ulikuwa mtamu kidogo, si udi, si ubani,
lakini jirani wa juu aligonga sakafu vilevile.

Kosa nililipata Alhamisi. Dayodi moja, imegeuzwa,
mkia mahali pa kichwa.
Geddes! Wewe, mtu wa mikebe yenye karatasi!
Nikauona mkono wake siku hiyo, unatetemeka,
miwani iko juu ya paji la uso, naye anaitafuta mezani.
Nikaing'oa, nikaigeuza, nikaunga ule waya wa kijani.
Nikaweka betri. Giza.
Jirani akagonga tena
na taa ikawaka.
Akagonga. Ikawaka.

Nikakaa chini.
Vidole vinane. Mama aliyenitazama mdomo.

Jumamosi ukungu wa mto Tay umemeza daraja hadi nusu.
Nikasimama mbele ya mlango wa bluu, anwani ile ile,
nikagonga.
Ndani ya mfuko wangu, nyekundu.
Nikagonga tena. Nyekundu, nyekundu.
Mlango haukujua lolote.
Mpita njia na mbwa wake wakamtazama
mwanamke anayegonga huku akichungulia mfuko.
Nifanyeje? Kitu kilichoundwa kwa ajili ya saa hii hii
kilikuwa upande usiofaa wa ubao.

Nikapiga magoti, nikainua kifuniko cha tundu la barua,
nikapenyeza mkono hadi karibu na kiwiko, kibao kiganjani,
na kwa mkono wa pili nikagonga, nikagonga.
Ukumbi ukawa mwekundu, ukawa mweusi, ukawa mwekundu:
viatu vya mvua, kofia mbili msumarini,
na kule mwisho, ukutani, kivuli kimesimama
na kijiko bado mkononi.